Wasifu Ambao Haukupita Jikoni

Kwa miaka thelathini na mmoja hakuna mtu mzima wa mtaa ule aliyeingia kaburini bila Bi Risala kumsemea. Wengine wanasuka, wengine wanakaanga. Yeye aliandika wasifu wa marehemu. Shule yake iliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe alilimaliza kwa kubembelezwa, lakini alikuwa na mwandiko mzuri uliolala ubavu na sikio lisilopitwa na mnong'ono, na hayo mawili yalimtosha. Mtu akikata roho asubuhi, adhuhuri Bi Risala yuko mlangoni kwa wafiwa: daftari la mistari kwapani, penseli kaichomeka kwenye kilemba, na kigoda chake mwenyewe mkononi. Viti vya watu, alisema, vinamtia adabu, na adabu inaharibu wasifu.

Maswali yake yalikuwa matatu, hayakubadilika tangu siku ya kwanza. Marehemu alikuwa akicheka nini? Alikuwa mkorofi kwenye nini? Na ameacha nini hajakimaliza? Alikufaje hakuuliza kamwe. Hilo kila mpita njia analijua, alisema, na wasilolijua wakamuulize daktari.

Swali la pili ndilo lililokuwa na kazi.

"Marehemu hakuwa na baya, Bi Risala."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Basi ninayemjua mimi ni mwingine. Zikeni malaika wenu, mimi narudi nyumbani kuanua nguo."

Hapo lazima shemeji mmoja akohoe pembeni. "Alikuwa anaficha rimoti."

"Ehee!" Penseli inatoka kwenye kilemba. "Anaificha wapi?"

Na watu, machozi bado mashavuni, wanaanza kucheka, na marehemu anarudi kukaa katikati yao kidogo kabla hajabebwa.

Lakini siri ya kazi yake haikuwa maswali, ilikuwa jiko. Wasifu ukishaandikwa, Bi Risala hakuupeleka makaburini moja kwa moja. Aliupeleka kwanza jikoni kwa wafiwa, akakaa kwenye kigoda kati ya masufuria, akamsomea mwanamke aliyekuwa anasugua. Sebuleni watu wanalia, wanaitikia kila kitu. Jikoni mwanamke mwenye mikono ya majivu atanyanyua kichwa aseme, "Hapo umepiga chuku," au, "Hilo si lake, hilo la baba yake." Bi Risala anakata, anaandika upya. Kwa miaka thelathini na mmoja hakusoma kaburini neno ambalo jiko halijalipitisha.

Mambo yalianza kuharibika kwenye kifundo cha mkono.

Mkono wa kulia ulianza kumgomea. Kwanza vidole vilikufa ganzi, kisha kifundo kikavimba kama andazi, mwisho mwandiko ule uliolala ubavu ukawa unatambaa kwa tumbo. Akaenda kwa Mama Pacha, mtoto wa kaka yake, mwenye duka la picha za pasipoti na kadi za harusi pale karibu na kituo cha maji. Duka lilikuwa chumba kimoja: pazia la buluu la kupigia picha, feni inayolalamika, na kompyuta ambayo sasa, kwa maneno ya Mama Pacha, ilikuwa imepata akili.

"Unaiambia unachotaka, shangazi, inakutolea. Picha, wimbo, hotuba, chochote."

"Chochote? Iambie initolee mume mwingine."

"Itakutolea picha yake."

"Picha ninayo ya yule wa kwanza, inanitosha."

Mama Pacha alicheka, lakini biashara ilikuwa imemkubali kweli. Mwenye bucha alitaka wimbo wa tangazo. Mashine ikamtungia, wimbo mtamu wenye kinanda, ila wa huzuni mno, hata wateja wakawa wanasimama mbele ya nyama kama wamekuja kuiaga. Fundi viatu alitaka picha ya ukutani. Akapewa bwana mmoja maridadi, kiatu kimoja kisigino mbele. Watoto wakacheka, vikarekebishwa, watu wakaendelea kuja. Bi Risala aliipa mashine ile jina la Karani. Anasoma maelezo yake kwenye daftari, Mama Pacha anachapa, Karani anatoa kurasa tatu nne kabla chai haijapoa.

Wasifu wa kwanza wa Karani ulikuwa wa mlinzi wa shule. Bi Risala aliupeleka jikoni kama kawaida. Dada wa marehemu alisikiliza mpaka kwenye "alipenda maua ya bustani ya shule" akaacha kusugua.

"Nani alipenda maua?"

"Marehemu."

"Alikuwa anayakojolea."

Likakatwa. Na mengine mawili yakakatwa. Lakini yaliyobaki, jamani! Watu walilia siku ile hata mwalimu mkuu akaomba leso. Wakaja kumshika mkono Bi Risala, ule mbovu, wakamwambia hajawahi kuandika vile. Kweli hakuwa amewahi. Sifa ziliuma kifundo na kumpoza moyo kwa wakati mmoja. Wasifu wa pili jikoni alikaa kidogo. Wa nne alisomea mlangoni, amesimama. Wa sita jiko lilikuwa na watu wengi, akasema yaliyomo ni yaleyale tu.

Wa saba ulikuwa wa seremala.

Seremala wa nyuma ya soko alikuwa mtu wa maneno machache na kidole pungufu. Kile cha shahada cha kushoto alikiacha kwenye msumeno ujanani. Bi Risala alikaa na mjane wake uani, penye harufu ya vumbi la mbao, akauliza maswali yake.

Alicheka nini? Alikuwa akicheka meza za watu wengine zikiyumba.

Alikuwa mkorofi kwenye nini? Mjane alitazama mikono yake. "Mdogo wake," alisema. "Unamjua, yule mziba pancha wa njia panda."

Nani asiyemjua Pancha? Walikuwa ndugu wawili tu, karakana moja, mpaka baba yao alipofariki. Mkubwa alikuwa ameshapiga randa mbao saba za kumtengenezea baba jeneza kwa mkono wake. Mdogo, kwa mapenzi yake naye, akaja na jeneza la dukani, la kung'aa, vishikio vya rangi ya dhahabu. Wazee wakaamua baba azikwe na lililo tayari. Mkubwa akaweka randa chini na hakumsemesha mdogo wake tena. Miaka kumi na tisa. Pancha akatoka kwenye mbao akaingia kwenye matairi, na wakikutana njiani mmoja alikuwa ghafla anakumbuka kufunga kamba ya kiatu.

"Na ameacha nini hajakimaliza?"

"Kabati langu halina mlango," alisema mjane. "Na zile mbao. Saba zilezile. Zimeegemea ukuta mpaka leo. Kila mwaka alikuwa anazishusha anazipaka mafuta, anazirudisha. Sikumuuliza za nini. Ningemuuliza asingejibu."

Bi Risala aliandika yote, herufi zikitambaa, akaenda dukani kumsomea Mama Pacha.

Karani alitoa kurasa nne, zikachapwa kwenye karatasi nene ya kung'aa, na picha ya marehemu juu. Bi Risala alizisoma asubuhi ya maziko, amesimama kando ya feni. Kwenye ukurasa wa mwisho alikuta maneno haya: "Na siku tatu kabla ya kufumba macho, alimkumbuka mdogo wake, akasema kwa sauti ya upole: Mwambieni ndugu yangu, moyo wangu kwake ni mweupe."

Penseli ilitoka kwenye kilemba. Ikasimama juu ya mstari ule.

Je, aliliandika hilo kwenye daftari? Hakukumbuka. Labda Mama Pacha amelisikia kwa wifi zake, huyu naye masikio hayako mbali. Labda mjane alilisema wakati yeye anachonga penseli. Bi Risala alikuwa na labda mbili mkononi na daftari ndani ya mkoba, na mkoba hakuufungua. Sentensi ilikuwa tamu. Aliirudia kwa midomo bila sauti, akasikia jinsi itakavyotua. Na nani wa kupiga mstari mweusi kwenye karatasi nzuri kama ile? Akairudisha penseli kwenye kilemba. Jiko lilikuwa upande wa pili wa mtaa, jua limepanda, watu wanaanza kutoka. Hakwenda.

Kaburini alisoma kwa sauti yake ya kukwaruza ambayo watu walikuwa wameizoea kama mlango wa nyumbani. Walicheka kwenye meza zinazoyumba. Pancha alikuwa amesimama mbali, nyuma ya watu wote, mikono yake myeusi kwa mpira ameificha mgongoni. Alipofika kwenye "moyo wangu kwake ni mweupe", Bi Risala aliona kofia ya Pancha ikishuka, kisha Pancha mwenyewe. Alikaa chini kwenye udongo kama gunia lililokatwa kamba, akalia kwa sauti ambayo mtu mzima huitoa mara moja tu. Watu wakakimbilia kumwinua. Watu wote, isipokuwa mjane. Mjane alikuwa anamtazama Bi Risala. Hakukunja uso, hakutikisa kichwa. Alimtazama tu, kama mtu anayengoja mwenzake amalizie kusema.

Bi Risala alirudi nyumbani bila kungoja chakula cha matanga.

Siku zilizofuata neno lile lilitembea kuliko yeye. Pancha alifunga kibanda chake cha matairi kila alasiri, akaenda kwa mjane wa kaka yake. Akaziba paa. Akatengeneza bomba. Mtoto wa mwisho wa marehemu, mwenye miaka sita na hajawahi kuambiwa ana baba mdogo, akaanza kupanda mgongoni kwake. Pancha akauanza na mlango wa kabati. Watu wakasema, mnaona? Wakampongeza Bi Risala sokoni, mchuuzi akamwongezea vitunguu.

Kisha siku moja akipita karibu na kituo cha maji alisikia wimbo unatoka kwenye spika ya duka. Sauti ya mwanamume, nzito, nzuri, ya mtu asiyekuwepo. "Mwambieni ndugu yangu, mwambieni, moyo wangu ni mweupe..." Wanawake wawili wamesimama na ndoo zao, wanafuta macho.

Ndani, Mama Pacha alikuwa anakata picha kubwa kwa rula. Ilikuwa na ndugu wawili vijana, wameshikana mikono mbele ya karakana iliyojaa mwanga.

"Pancha ameagiza, shangazi. Wimbo na picha. Umeona kazi?"

Bi Risala alivaa miwani. Alihesabu vidole vya seremala. Vilikuwa kumi.

"Huyu si yeye."

"Si sura yake ile?"

"Yeye alikuwa na tisa." Akavua miwani. "Mwanangu, lile neno la moyo mweupe nani alikuambia?"

Rula ilisimama. "Mimi? Si wewe?"

"Mimi nilidhani wewe."

"Mimi nilichapa ulichonisomea. Likatokea, nikajua limo kwenye daftari lako, nimeliruka tu."

Daftari likatolewa. Wakaligeuza ukurasa baada ya ukurasa, vichwa vyao vimegusana. Rimoti ya marehemu wa zamani ilikuwepo. Meza zinazoyumba zilikuwepo. Jeneza, miaka kumi na tisa, mlango wa kabati, mbao saba. Moyo mweupe haukuwepo.

"Muulize Karani," alisema Bi Risala.

Mama Pacha akauliza. Karani akajibu papo hapo, kwa adabu kubwa: aliomba radhi kwa usumbufu, akaeleza kwamba sentensi ile haikuwa kwenye maelezo aliyopewa, aliiongeza ili kuwapa wafiwa mwisho wenye faraja, na akauliza kama wangependa aandike mwisho mwingine.

"Anaomba radhi vizuri," alisema Bi Risala. "Marehemu mume wangu hakufika hapo miaka arobaini." Lakini hakuna aliyecheka, hata yeye. Alichukua zile kurasa za kung'aa akazipitia kwa kidole, mstari kwa mstari, akitafuta kitu. "Na mbao zimekwenda wapi?"

"Mbao zipi?"

"Saba. Nilikusomea."

Mama Pacha alitazama. "Hazimo. Labda hakujua azifanyie nini."

Zima huo wimbo, alisema shangazi, na Mama Pacha akauzima. Lakini ulikuwa umeshatumwa kwenye simu za watu zaidi ya mia, na kutoka mlango wa pili, kwa kinyozi, uliendelea.

Kesho yake alasiri Pancha alikuja mwenyewe nyumbani kwa Bi Risala. Alikuwa amenawa mikono mpaka viwiko, lakini weusi wa mpira ulikuwa umebaki kwenye mistari ya viganja. Alikataa kiti, akachuchumaa mlangoni.

"Bi mkubwa, sikusumbui sana. Nina swali tu. Wewe ndiye uliyepewa lile neno."

"Hm."

"Alilisemaje? Maana nimelirudia sana kichwani, kila siku linatoka na sauti nyingine. Alikuwa amelala, au amekaa?"

Hapa ndipo pa kusema. Bi Risala alilijua, alilijua kabisa kama mtu ajuavyo ngazi ya mwisho gizani. Alifungua kinywa. Yule mtu alikuwa amemwinulia uso, miaka hamsini na kitu, macho ya mtoto anayengoja kuambiwa kama amefaulu.

"Amekaa," alisema Bi Risala. "Ameegemea mto."

"Alikuwa anatazama wapi?"

"Mlangoni."

Pancha aliinamisha kichwa. "Alikuwa ananingoja," alisema. "Na mimi nilikuwa njia panda hapo, naziba tairi la baiskeli." Akajifuta kwa mkono wa shati, akacheka kidogo katikati ya machozi. "Basi nakushukuru. Nimeagiza jiwe. Mchonga mawe ataanza keshokutwa asubuhi. Maneno yale yale, nimemwambia achonge kwa kina, yasifutike hata kwa mvua ya miaka mia."

Alipoondoka Bi Risala alibaki amekaa. Mto. Mlango. Hayo Karani hakuyatunga. Hayo alikuwa ameyatoa mwenyewe, kwa kinywa chake, bila kuombwa kurasa nne, na yalikuwa yametoka kwa wepesi ule ule.

Asubuhi iliyofuata alichukua kigoda akaenda jikoni kwa mjane.

Mjane alikuwa anasugua sufuria lililoungua. Hakushangaa. Alisogeza ndoo kwa mguu ili kigoda kipate pa kukaa.

"Umechelewa," alisema. "Nilikungoja siku ile asubuhi. Nikawaambia, msiondoke na maiti, Bi Risala hajaja jikoni."

"Sikuja."

"Hukuja."

Chuma kilikwaruza chuma kwa muda.

"Mwenzangu," alisema Bi Risala, "alisema?"

Mjane aliliweka sufuria chini. "Kiharusi kilimchukua upande mzima. Siku tisa amelala ameelekea ukutani, hatuwezi kumgeuza, analia. Ulimi haukuwepo. Hata maji aliyaomba kwa jicho. Mtu huyo aseme nini, kwa sauti ya upole?"

Bi Risala alishika kifundo chake. Ukutani. Na yeye alikuwa amemkalisha, amempa mto, amemgeuzia mlango.

"Kwa nini hukusema pale pale?"

"Niseme nini? Mtu ameanguka kwenye udongo, analia kama anazaliwa. Mimi ndiye niende nimwambie, shemeji, simama, umelia bure?" Alijifuta paji la uso kwa mkono wa majivu, ukabaki mstari. "Kisha akaja akaziba paa. Mwanangu anamwita baba mdogo. Nikanyamaza. Sasa nasikia ni jiwe. Bi Risala, wimbo utapita, watoto watauchoka. Lakini jiwe mimi nitakuwa nalipalilia mpaka nife. Nitakuwa natoa magugu mbele ya uongo, tena wa mume wangu, mtu ambaye hata meza hakuiongopea."

"Nikimwambia hatarudi hapa."

"Huenda."

"Paa, mlango wa kabati, mtoto..."

"Navijua vilivyomo nyumbani kwangu." Akachukua sufuria tena. "Mimi sisemi. Aliyesema ni wewe."

Uwanja wa mchonga mawe ulikuwa kando ya barabara ya machimbo, kila kitu cheupe kwa vumbi, hata kuku. Bi Risala alifika mapema kesho yake na bado akamkuta Pancha ametangulia, ameketi juu ya jiwe la mtu mwingine. Jiwe la kaka yake lilikuwa limelazwa juu ya magogo mawili, maneno yameshaandikwa kwa chaki, herufi kubwa, safi. Mchonga mawe alikuwa anachagua patasi.

"Bi mkubwa! Umekuja kushuhudia?"

"Mwambie angoje."

Pancha akacheka. "Kuna nini, tumekosea herufi?"

"Hakulisema," alisema Bi Risala.

Mchonga mawe ni mtu anayepata riziki yake kwa wafiwa. Aliisikia sauti ile, akaweka patasi chini, akaenda kuosha mikono iliyokuwa safi.

"Hakusema nini?"

"Moyo mweupe. Hakulisema yeye, na mimi sikuambiwa na mtu. Lilitungwa na mashine ya dukani kwa Mama Pacha. Nililiona sikulijua, nikalipenda, nikalisoma. Sikwenda jikoni kuuliza. Ningeuliza ningeambiwa: kaka yako siku tisa hakuwa na ulimi."

 Lori la kokoto lilipita, likachukua muda wake kupita.

"Uliniambia alikuwa amekaa."

"Nilikuambia."

"Mto. Mlangoni. Na hiyo ni mashine?"

"Hiyo ni mimi."

Pancha aliitazama chaki juu ya jiwe. Alipozungumza sauti ilikuwa ndogo, haina ukali, na Bi Risala angependa zaidi kupigwa.

"Mimi nilimletea baba jeneza la dukani," alisema. "Nilidhani ni zuri. Lilikuwa linang'aa. Kaka akaniangalia tu, nikasema huyu ana wivu. Miaka kumi na tisa sikujua nimemfanyia nini." Akanyanyuka, akapangusa vumbi kwenye suruali. "Sasa najua. Asante."

"Ndugu yangu, ngoja. Kuna ambalo mashine ililiacha." Alikuwa ameshatoa daftari, anautafuta ukurasa. "Hili ni la kweli, mjane ndiye aliyenipa. Zile mbao saba za baba yenu. Hakuzitupa, hakuziuza. Zimeegemea ukuta. Kila mwaka alizishusha akazipaka mafuta, akazirudisha. Hakusema za nini."

"Maana yake nini?"

Midomo ya Bi Risala ilikuwa na jibu. Ilikuwa na majibu matatu, yote mazuri, yote yangetua.

"Sijui," alisema.

Pancha akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa chenji pungufu na hana nguvu ya kugomba. Akatoa kitambaa kwenye ndoo ya mchonga mawe, akafuta chaki yote kwa mkono mmoja mpana, mpaka maji meupe yakachuruzika kwenye magogo. Akaondoka bila kuaga.

Jiwe lilichongwa jina na miaka, basi. Kwa mjane Pancha hakuonekana wiki nzima, wala ya pili. Mtoto alikuwa anakaa kwenye ngazi alasiri. Mama yake akiulizwa anasema, mtoto anapenda kivuli. Mlango wa kabati uliegemea ukuta, bawaba moja imefungwa, moja bado. Wimbo nao haukufa. Kinyozi aliupiga, watoto waliuimba wakiruka kamba, na siku moja kwenye maziko ya mtu mwingine kabisa kaka mmoja alisimama akasema, kama alivyosema yule seremala, moyo wangu ni mweupe. Bi Risala alikuwepo. Alisimama akasema mbele ya watu kwamba seremala hakusema hivyo. Walimnyamazisha kwa upole. Bibi anachoka, walisema.

Kazi zilipungua. Waliokuja walimkuta na penseli, anaandika mistari mitano kwa siku, kifundo kimefungwa kitambaa, na hakuna aliyeliamini jiko lake kama zamani, na yeye hakuwalaumu.

Ilikuwa wiki ya tatu alipopita nyuma ya soko na kigoda chake, akaona mlango wa karakana uko wazi. Pancha alikuwa ndani, amempa mgongo. Alikuwa ameshusha zile mbao saba, amezilaza sakafuni moja moja. Hakuwa na msumeno, hakuwa na randa. Alikuwa amechuchumaa, anapitisha kiganja cheusi juu ya ubao mmoja, kwenda na kurudi, na ubao ulikuwa laini, umewiva, rangi ya asali nzito.

Bi Risala alitaka kupita kimya. Kigoda kikagonga fremu ya mlango.

Pancha hakugeuka. "Alizipaka mafuta gani?" aliuliza.

 Bi Risala alijua aina nne za mafuta wanayotumia maseremala, na angeweza kuchagua yoyote.

"Sijui," alisema. "Hilo twende tukaulize jikoni."

Pancha alibaki amechuchumaa. Kiganja kilikwenda, kikarudi. Kisha akasimama taratibu, magoti yakilia, akapita mbele yake pale mlangoni bila kumtazama usoni, akamchukulia kigoda mkononi na kutangulia.